Kuhuisha betri ya haibridi nyumbani: Piga hesabu kwa mwezi, si kwa ankara

WAFANYABIASHARA wadogo na wakulima wanaosafirisha mazao yao wenyewe wamelipenda gari la haibridi kwa sababu moja kubwa: hunywa petroli kidogo. Toyota Aqua, Axio na Fielder za haibridi, pamoja na Prius, huingia nchini kupitia bandari ya Mombasa baada ya kutumika Japani. Wiki nzima hubeba abiria, trei za mayai, makreti ya nyanya na mifuko ya viazi.

Hata hivyo, raha hugeuka karaha siku taa ya onyo inapowaka kwenye dashibodi na mashine ya kupimia ya fundi ikatoa msimbo P0A80. Maana yake ni kwamba betri kubwa inayoendesha mtambo wa umeme wa gari imechoka.

Hapo mwenye gari hupewa ushauri wa aina tatu. Fundi wa kwanza humwambia anunue betri mpya. Wa pili humwambia atoe elfu chache, abadilishiwe kipande kimoja kilichokufa na aondoke na gari siku hiyo hiyo. Wa tatu humwambia kwamba betri hiyo inaweza kufunguliwa, kupimwa na kuhuishwa nyumbani kwa vifaa vya kawaida.

Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli. Kosa hutokea pale mwenye gari anapolinganisha ankara tatu na kuchagua iliyo ndogo zaidi. Kipimo kinachofaa ni kingine: kila mwezi wa kazi atakaoupata baada ya matengenezo utakuwa umemgharimu shilingi ngapi? Ukipimwa kwa jicho hilo, ukarabati ulioonekana rahisi unaweza kuwa ghali, nao wa nyumbani ulioonekana wa mchezo unaweza kuwa na faida, mradi masharti fulani yatimizwe.

Kilichomo ndani ya betri

Betri ya haibridi si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa vijibetri vilivyopangwa kama vitabu kwenye rafu, kila kimoja kikiitwa moduli, ingawa mafundi wengi mjini huviita "seli". Kila moduli ina seli sita za nikeli ndani yake, na kila seli hutoa volti 1.2, hivyo moduli nzima hutoa volti 7.2.

Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina moduli 28, ambazo zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 201.6. Aqua iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 2011, pamoja na Axio na Fielder za haibridi zilizofuata mwaka 2013, zina moduli 20 na jumla ya volti 144. Uwezo wa moduli ikiwa mpya ni miliampea-saa 6,500.

Kwa kuwa moduli zimeunganishwa mfululizo, umeme hupita katika kila moja kabla ya kufika kwenye mota. Moduli moja ikidhoofika, nyingine 19 zenye afya haziwezi kuifidia. Hujaa mapema wakati wa kuchajiwa na huishiwa mapema wakati wa kutumika, na kompyuta ya gari inapoona tofauti hiyo huwasha taa ya onyo.

Ikumbukwe pia kuwa mwenye gari hawezi kuipuuza betri hii na kuendelea kutumia petroli pekee. Katika magari hayo ya Toyota hakuna stata ya kawaida; injini huwashwa na mota inayotumia umeme wa betri kubwa. Betri ikifa kabisa, gari husimama hata kama tangi limejaa.

Kwa nini huchoka

Adui wa kwanza ni umri. Sheria za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na wanunuzi wengi wenye mtaji mdogo huchagua magari yanayokaribia kikomo hicho kwa sababu ndiyo yenye bei nafuu. Kwa hiyo gari linaposajiliwa hapa nchini, betri yake huenda ina miaka sita au saba kazini.

Nchini Marekani, Toyota hutoa dhamana ya miaka 10 au maili 150,000 kwa betri za haibridi za magari ya kuanzia mwaka 2020. Muda huo unaonyesha kuwa betri hizi zimetengenezwa kudumu. Hata hivyo, dhamana ya aina hiyo haimfuati mtu aliyenunua gari lililotumika kutoka nchi nyingine.

Adui wa pili ni joto. Betri hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo kando au chini ya kiti cha nyuma, kutegemea aina ya gari. Hapa ndipo wafanyabiashara wa mazao wanapojiumiza bila kujua. Gunia la kabeji likiegemea tundu hilo, hewa hukatika. Vumbi la barabara ya murram, makapi ya mahindi na manyoya ya kuku huvutwa ndani na kuziba kichujio na feni. Betri hufanya kazi ikiwa na homa, na moduli za katikati, ambazo hupata joto zaidi, hutangulia kudhoofika.

Adui wa tatu ni kuegeshwa. Betri za nikeli hujipunguza chaji zenyewe zikikaa bila kazi. Gari lililoachwa miezi kadhaa uwanjani likisubiri mnunuzi, au nyumbani likisubiri msimu wa mavuno, linaweza kurudi barabarani likiwa na moduli zisizolingana tena.

Tofauti hizi ni muhimu kwa hesabu. Betri iliyolegea kwa sababu ya kuegeshwa au kutolingana mara nyingi hurejesha sehemu kubwa ya uwezo wake ikichajiwa na kumalizwa mara kadhaa kwa utaratibu. Iliyokula joto kwa miaka mingi haiponi kwa chaja. Moduli zake mbovu lazima zitolewe.

Kiraka cha moduli moja

Njia inayovutia wengi ni kubadilisha moduli moja iliyokufa. Fundi hufungua betri, hupima, hutoa yenye volti ndogo, huweka nyingine iliyotolewa kwenye gari lililoharibika, hufuta msimbo na taa huzimika.

Tatizo ni kwamba moduli zote zimezaliwa siku moja, zimesafiri pamoja na zimekula joto pamoja. Iliyokufa imewatangulia wenzake tu. Aidha, iliyoingizwa ina uwezo tofauti na jirani zake, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha ugonjwa wenyewe. Baada ya miezi michache moduli nyingine hufa, kisha nyingine, na kila mara mwenye gari hulipa ufundi upya na kupoteza siku za kazi upya.

Kiraka kina nafasi yake, mathalani gari linapohitajika kwa wiki chache za mavuno wakati mwenyewe akitafuta fedha za kazi kamili. Kama tiba ya kudumu, hakifai.

Usalama kabla ya spana

Mtu aliyezoea betri ya kawaida ya volti 12 asidhani anaijua hii. Umeme wa volti 144 au 201 unaotoka kwenye betri unaweza kuua mara moja, na ndani ya inveta huongezwa hadi volti 500 au zaidi. Hakuna swichi inayoweza kuuondoa umeme huo ndani ya betri. Asiyeweza kutimiza masharti yafuatayo amwachie kazi fundi aliyefunzwa magari ya haibridi:

• Zima gari, weka ufunguo mbali, kisha tenganisha betri ndogo ya volti 12.

• Vaa glavu za mpira za fundi umeme zilizopimwa kuhimili volti 1,000, baada ya kuhakikisha hazina tundu. Glavu za jikoni au za shambani hazifai. Vaa pia miwani ya kukinga macho, na uvue pete, saa na mikufu.

• Chomoa plagi ya usalama ya rangi ya chungwa na uiweke mfukoni mwako ili mwingine asiirudishe.

• Subiri angalau dakika 10 ili umeme uliohifadhiwa ndani ya inveta uishe. Pima kwa mita na uhakikishe ni sifuri kabla ya kugusa nyaya. Nyaya zote za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa.

• Usifanye kazi ukiwa peke yako, wala karibu na watoto.

Plagi hiyo ikichomolewa hukata mzunguko, lakini kila upande wa betri bado una moduli nyingi zilizoungana na umeme wake ni wa kuogopwa. Kwa hiyo, kazi ya kwanza baada ya kufungua kifuniko, glavu zikiwa bado mkononi, ni kuondoa vipande vya shaba vinavyounganisha moduli. Vikishatoka, kila moduli hubaki na volti zake saba au nane. Hata hivyo, spana ikigusisha ncha zake mbili italeta shoti na kuunguza mkono.

Ndani ya moduli kuna maji makali ya potasiamu haidroksaidi, ambayo huchoma ngozi na macho. Yakimgusa mtu aoshe kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, na yakiingia machoni aende hospitali. Vilevile, moduli ikichajiwa kupita kiasi hutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto upesi. Chumba kiwe na hewa ya kutosha, na jiko, mshumaa na sigara vikae mbali.

Hatua za kuhuisha

Vifaa vinavyohitajika si vingi: multimita, balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55, chaja ya kisasa inayoweza kuchaji na kumaliza betri za nikeli zenye seli sita, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, mbao mbili na nondo za kubana moduli, na daftari.

Kwanza, piga picha betri kabla ya kufungua chochote, kisha andika nambari kwenye kila moduli. Moduli hupangwa kwa kupishana, chanya ya moja ikikaa upande wa hasi ya jirani yake. Mtu akikosea mpangilio huo wakati wa kurudisha, atasababisha shoti.

Pili, pima volti ya kila moduli na uiandike. Zenye afya hukaribiana. Iliyo chini ya wenzake kwa takribani volti moja na nukta mbili mara nyingi ina seli moja iliyokufa ndani, na hiyo haina haja ya kupotezewa umeme.

Tatu, ipe kila moduli mzigo. Iunganishe na balbu kwa dakika mbili na uandike volti mwanzoni na mwishoni. Moduli inayoonekana nzima ikiwa imetulia inaweza kuporomoka ikipewa kazi, sawa na punda anayesimama vizuri zizini lakini hawezi kuvuta mkokoteni.

Nne, anza kuchaji na kumaliza. Chaji moduli hadi ijae, ipumzike, kisha imalize hadi volti 6 na si chini ya hapo. Chaja itaonyesha imetoa miliampea-saa ngapi. Rudia mara tatu. Katika betri iliyokuwa imelegea, kiasi hicho hupanda kila mzunguko. Moduli isiyofika 4,000 baada ya mzunguko wa tatu, kati ya wenzake wanaofika 5,000 na zaidi, iwekwe kando.

Muda wote wa kuchaji, moduli zibanwe kati ya mbao kama zilivyokuwa zimebanwa ndani ya gari. Zikichajiwa bila kubanwa huvimba na kuharibika kabisa. Ikipata joto kiasi cha kuusumbua mkono, chaja isimamishwe.

Tano, ziache zilizojaa zikae bila kazi kwa siku kadhaa, kisha uzipime tena. Inayopoteza volti upesi kuliko wenzake itarudisha taa ya onyo kila gari likiegeshwa, hata kama uwezo wake ni mzuri. Watu wengi huruka hatua hii kwa haraka, nayo ndiyo inayoamua kama kazi itadumu.

Sita, tafuta za kuziba pengo. Anayenunua moduli zilizotumika aende dukani na multimita na balbu yake, apime kabla ya kulipa, kisha azipitishe katika mizunguko mitatu kama zile za kwake. Lengo ni kupata zenye uwezo unaolingana na zilizopo. Moduli mpya kabisa kati ya wazee haisaidii sana, kwa sababu betri yote hufuata mwendo wa dhaifu.

Saba, safisha. Vipande vya shaba mara nyingi huwa na kutu ya kijani inayozuia umeme. Visuguliwe hadi ving'ae. Feni na tundu la hewa visafishwe pia, maana kurudisha betri iliyohuishwa kwenye feni iliyoziba ni kama kumtibu ng'ombe kupe na kumrudisha kwenye boma lile lile.

Mwisho, moduli zote zikiwa na volti zinazokaribiana, ziunganishwe chanya na chanya, hasi na hasi, kwa siku nzima ili zilingane. Kisha zirudishwe kwa mpangilio wa picha. Nati zikazwe kwa kiasi kilichotajwa katika mwongozo wa gari. Kwa Prius ya kizazi cha pili ni nyutonimita 5.4 tu. Nguvu ya mkono hukata ncha za moduli, na nati iliyolegea huleta joto na moto.

Muda ndio gharama kubwa

Umeme unaotumika katika kazi hii ni kidogo. Moduli moja hubeba takribani wati-saa 47, na hata moduli 20 zikichajiwa mara tatu, jumla ni uniti chache za umeme. Gharama halisi ni muda.

Mzunguko mmoja wa kuchaji na kumaliza ukichukua saa nane, moduli 20 kwa mizunguko mitatu ni saa 480. Kwa chaja yenye mlango mmoja hizo ni siku 20 mchana na usiku. Chaja yenye milango minne huzipunguza hadi siku tano. Ukiongeza kufungua, kupumzisha, kutafuta moduli na kurudisha, gari husimama kama siku 10. Kwa mtu ambaye gari lake humletea chakula cha kila siku, siku 10 ni fedha na lazima ziingie kwenye hesabu.

Hesabu ya mfano

Takwimu zifuatazo ni mfano wa kuonyesha njia, si bei za soko. Kila msomaji aweke za kwake.

Chukulia kuwa gari aina ya Fielder humpa mwenyewe faida ya Sh1,500 kwa siku. Moduli iliyotumika ni Sh4,000, ufundi ni Sh6,000 na betri mpya ni Sh180,000.

Kiraka: Moduli moja Sh4,000, ufundi Sh6,000 na siku mbili bila kazi Sh3,000. Jumla ni Sh13,000. Kikidumu miezi minne, kila mwezi umegharimu Sh3,250.

Betri mpya: Betri Sh180,000, ufundi Sh6,000 na siku moja bila kazi Sh1,500. Jumla ni Sh187,500. Ikidumu miaka sita, yaani miezi 72, kila mwezi umegharimu takribani Sh2,604.

Kuhuisha nyumbani, mtu akiwa peke yake: Moduli tano Sh20,000, chaja na vifaa Sh24,000, siku 10 bila kazi Sh15,000. Jumla ni Sh59,000. Ikidumu miezi 18, kila mwezi umegharimu takribani Sh3,278.

Matokeo haya huwashangaza wengi. Betri mpya, yenye ankara kubwa kuliko zote, ndiyo nafuu kwa mwezi. Kazi ya nyumbani, baada ya jasho lote, inagharimu sawa na kiraka. Ili kiraka kilingane na betri mpya ni lazima kidumu miezi mitano. Ili kazi ya nyumbani ilingane nayo ni lazima idumu miezi 23.

Hata hivyo, mambo matatu yanaweza kupindua hesabu hiyo.

La kwanza ni mkopo. Mwenye gari akikopa Sh187,500 kwa mwaka mmoja kwa riba ya asilimia 14 inayotozwa juu ya mkopo wote, anaongeza Sh26,250. Gharama kwa mwezi hupanda hadi takribani Sh2,969.

La pili ni mpango wa gari lenyewe. Anayekusudia kuliuza baada ya miaka miwili atatumia betri mpya miezi 24 tu, na kila mwezi utakuwa umemgharimu zaidi ya Sh7,800, isipokuwa apate mnunuzi atakayemlipa kwa miaka iliyosalia. Kwake, kuhuisha ndiko kwenye akili.

La tatu, na kubwa kuliko yote, ni vifaa. Katika hesabu ya nyumbani, Sh24,000 zimeingia kwenye chaja na vifaa ambavyo baada ya kazi moja vitakaa kabatini. Hapa ndipo chama kinapokuwa na maana.

Nguvu ya chama

Chukulia wamiliki sita wa magari ya aina moja, kwa mfano madereva wa kituo kimoja cha teksi au wachuuzi wa soko moja, wamenunua vifaa kwa pamoja. Kila mmoja hutoa Sh4,000 badala ya Sh24,000. Jumla ya kila gari hushuka kutoka Sh59,000 hadi Sh39,000, na gharama kwa mwezi huwa takribani Sh2,167. Hiyo ni chini ya betri mpya, na haina riba.

Chama kinaweza pia kukata siku za kusimama. Kikiwa na moduli za akiba zilizopimwa na kulinganishwa tayari, gari la mwanachama hufunguliwa na kuwekewa zote kwa siku moja au mbili, kisha zake huchajiwa polepole zikisubiri mwingine. Aidha, mikono iliyokwisha kufanya kazi hii mara tatu hukosea kidogo kuliko anayeanza, na sharti la kutofanya kazi peke yako hutimia lenyewe.

Masharti ya chama cha namna hii ni mawili. Magari yawe ya aina zinazotumia moduli zinazolingana, na kila moduli iwe na nambari na historia yake daftarini: imetoka gari gani, ilitoa kiasi gani katika kila mzunguko, na tarehe. Bila daftari, moduli mbovu itazunguka kutoka gari hadi gari, na chama kitavunjika kwa lawama.

Usiyopaswa kuifungua

Si kila betri inafaa kazi hii. Honda Fit ya haibridi ya kuanzia mwaka 2013 na Honda Vezel zina betri za lithiamu. Hizo hushika moto zikichajiwa vibaya na hazichajiwi kwa utaratibu wa nikeli ulioelezwa hapa. Baadhi ya matoleo ya Aqua ya kuanzia mwaka 2021 yana betri ya nikeli ya muundo mwingine, usiohuishwa kwa njia hii.

Betri iliyozama kwenye maji ya mafuriko, iliyogongwa katika ajali, au yenye moduli zilizovimba na kuvuja isihuishwe nyumbani. Vilevile, zaidi ya nusu ya moduli zikishindwa katika jaribio la balbu, kutafuta za kujazia ni kutupa fedha. Hapo betri mpya, au iliyohuishwa na karakana inayotoa dhamana ya maandishi, ndiyo njia.

Moduli zilizokufa zisitupwe shambani wala kuchomwa pamoja na taka. Maji yake ni sumu kwa udongo na mifugo. Zihifadhiwe zikiwa wima mahali pakavu hadi zipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za umeme walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Nikeli iliyomo ina thamani, na huenda mwenye nazo akalipwa chochote.

Kinga na ununuzi

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na betri iliyochoka si mwisho wa gari. Lakini koleo linalotunzwa halivunjiki upesi. Kwa gari linalobeba mazao, kichujio na feni ya betri vikaguliwe kila linapofanyiwa sevisi, na mapema zaidi kwa wanaopita kwenye vumbi. Mzigo usizibe tundu la hewa. Gari lisiachwe juani likiwa limefungwa kutwa nzima pale penye kivuli, wala lisikae zaidi ya wiki chache bila kuwashwa na kuendeshwa.

Kwa anayetaka kununua haibridi iliyotumika, hesabu ya betri ianze kabla ya kulipa. Aombe gari lipimwe kwa mashine inayoonyesha volti za kila kundi la moduli likiwa linaendeshwa mlimani na kwenye mteremko, maana likiwa limesimama dosari hujificha. Aangalie kama misimbo imefutwa siku chache kabla. Muuzaji akisema betri ilihuishwa, aonyeshe daftari la vipimo. Lisipokuwepo, mnunuzi achukulie kuwa betri imebakiza miezi michache, na apunguze bei anayotoa kwa kiasi hicho.